Lijamu ya poni anayevuta hatamu

Umeuliza kama poni wako, yaani farasi wa kimo kifupi, anayerusharusha kichwa na kuvuta hatamu anahitaji lijamu (chuma cha kinywani kinachofungwa kwenye hatamu) kali zaidi. Kwa maoni yangu hahitaji, na usibadilishe chochote kabla daktari wa mifugo hajamkagua meno, kwani jino lenye ncha kali husababisha fujo hiyohiyo. Pima upana wa kinywa chake kwa kamba, kisha tafuta lijamu inayozidi kipimo hicho kwa milimita 3 hadi 5 kila upande. Wengi huamini kwamba lijamu nene ndiyo ya upole, lakini kinywa cha poni mara nyingi ni kidogo na ulimi wake umekijaza, hivyo chuma kinene humbana tu. Yenye maungio mawili, unene wa milimita 14 hivi, huenda ikamfaa zaidi. Mkono wako nao ulegee mara anapotii.