Kabla hamjachapisha fulana

Juzi vijana wa Nkuhungu, hapa Dodoma, waliniita kwenye kikao cha kumwandaa mwenzao agombee uenyekiti wa mtaa 2029. Ajenda ya kwanza rangi ya fulana. Ya pili spika. Ya tatu, nani atatembea kulia kwa mgombea. Nilikunywa soda yangu kimya, kwa sababu kikao hicho mimi nimeshakiendesha, mwaka 2024, kwa ajenda zilezile. Basi wadogo zangu, shikeni kalamu.

1. Daftari kwanza. Uchaguzi wa mitaa una daftari lake la wakazi. Daftari la kudumu la wapiga kura ni la udiwani, ubunge na urais. Leo nalisema kama mwalimu, siku ile sikulijua. Mwaka ule daftari la kudumu nalo lilikuwa linaboreshwa, watu wana kadi mpya za mpiga kura mfukoni, mimi nikachanganya mambo. Wakazi waliandikishwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba, siku kumi tu, na sisi siku hizo tulikuwa na bonanza. Jezi, mbuzi wa zawadi, kundi la WhatsApp linapumua moto. Kila aliyeniuliza kuhusu kujiandikisha nilimjibu, "Kadi unayo? Tulia."

Nilimjibu hivyo na bibi mmoja muuza ubuyu, ambaye mgombea wetu alikuwa akimbebea ndoo tangu yuko darasa la tano. Tarehe 27 Novemba alifika kituoni kabla ya saa mbili, khanga mpya, kadi ameifunga kwenye leso. Wakatafuta jina. Wakarudia. Nyuma yake wapo vijana wetu wa bodaboda, nao kadi mkononi, na nusu yao hata mtaa wenyewe si wao, wanapaki tu. Bibi akageuka, hakupandisha sauti: "Mjukuu wangu, si ulisema kadi inatosha?" Nilitamani ardhi ya Dodoma, na ugumu wake ule, ipasuke.

Kura hazikutosha. Zilipungua 19. Nimeshawahesabu niliowaambia watulie, nikawarudia kwa majina usiku mzima, wanazidi 40. Mgombea alinipigia asubuhi kunipa pole. Yeye, mimi! Ndipo nililia.

2. Fomu ya kugombea. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye nyaraka zake, si lile la kijiweni, na nakala ibaki kwenu. Mtu mzima mmoja aisome kabla ya kurudishwa.

3. Wazee watauliza, "Ana mji huyu?" Msikasirike. Kwetu kijana anayetaka kusuluhisha mgogoro wa kiwanja anaulizwa kwanza yeye analala wapi, na tangu CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyosimamia viwanja vya Dodoma, ivunjwe 2017 mwenyekiti wa mtaa hajakosa mtu wa kiwanja mlangoni. Mgombea wetu alijibu kuwa amepanga chumba kimoja na kodi halipi kwa kuchelewa. Wakacheka, wakamsogezea kigoda. Ila aliposema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kwa lafudhi ya Kariakoo, hapo walicheka kicheko kingine. Salamu mfundisheni mapema.

4. Kampeni zilikuwa siku saba, 20 hadi 26 Novemba. Siku saba huwezi kujitambulisha, unakumbusha tu. Misibani aende kuchota maji, asishike kipaza sauti.

5. Mawakala waapishwe kwa wakati, na wapelekewe chakula. Wetu mmoja alitoka kutafuta chapati kura zinahesabiwa. Simsemi sana, ni shemeji yangu.

Fulana? Tulichapa 100. Moja naifutia pikipiki.

Yule bibi bado anauza ubuyu palepale. Nikisimama kununua ananitazama kwanza, halafu ananyoosha kiganja: "Leo umekuja na hela, au na kadi?"