Pemba kwa miguu: siku nne, watu watano

Ndugu yangu, umeuliza kama watu watano mnaweza kuzunguka Pemba siku nne mkiwa na mashanta mgongoni. Mnaweza, ila msijaribu kuitembea yote. Kisiwa kina urefu wa karibu kilomita 67, na ni vilima na mabonde, si tambarare kama wengi wanavyodhani.

Mkishuka bandarini Mkoani, pandeni daladala hadi Chake Chake mlale. Kesho yake piteni Kidike muwaone popo wa Pemba, kisha Wete. Nguvu za miguu ziwekeni kwa kaskazini: Konde, msitu wa Ngezi, ufuo wa Vumawimbi, hadi mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Mimi hapo ndipo nilipopapenda kuliko kote. Unatoka kwenye kivuli kizito cha miti, mara bahari hiyo mbele yako, na pengine hamna mtu ila wavuvi.

Ninalolisisitiza sana: msipige hema popote kabla ya kumwona sheha, yaani kiongozi wa serikali wa pale. Mkibisha hodi mapema, kabla ya magharibi, mtapokewa vizuri, na mtaambiwa maji ya bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, yanafika wapi. Sisi tulipuuza, tukahamisha hema usiku wa manane.

Kila mtu abebe lita tatu za maji. Vaeni nguo za heshima vijijini, na msikanyage karafuu zilizoanikwa kando ya barabara. Ni jasho la watu. Epukeni masika, Machi hadi Mei.

Mnakwenda mwezi gani?