Maswali Yenu: To Kill a Mockingbird Darasani, Tunafundishaje?

Tangu shule zifunguliwe meseji zimejaa, na safari hii karibu wote mnauliza kitabu kimoja, To Kill a Mockingbird cha Harper Lee. Kwa ambao hamjakutana nacho: kilitoka 1960, kikachukua tuzo ya Pulitzer 1961, na mpaka leo hii skuli nyingi za Marekani wanakisoma grade 9 au 10 hivi. Hadithi iko Maycomb, kamji ka kubuni huko Alabama, kuanzia 1933 mpaka 1935. Msimulizi ni katoto ka kike kanaitwa Scout, baba yake Atticus Finch ni wakili, anapewa kumtetea Tom Robinson, kijana Mweusi aliyesingiziwa kumbaka msichana wa Kizungu, Mayella Ewell. Mimi nakifundisha huku huku, darasa mchanganyiko, kwa hiyo nitajibu kama mtu wa chaki siyo kama profesa.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko grade 9 hapa Texas, darasani Mweusi ni yeye peke yake. Ticha wao kasema wiki ijayo wanaanza hicho kitabu na wanasoma kwa sauti. Nimesikia lile neno la N, tusi la Kiingereza la kuwadharau Weusi, limo kibao. Niende shule au nitaonekana mkorofi?

Marahaba mama. Nenda, au andika imeili leo leo kabla hawajaanza, maana wakishaanza kila mtu anajihami na mazungumzo yanaharibika. Neno limo kweli, na wanaolitamka siyo wabaya peke yao, hata Scout mwenyewe analitamka na baba yake anamkanya kwenye sura ya 9. Sasa muulize ticha kwa upole tu, litasomwa vipi? Mimi kwangu halitamkwi na mtu yeyote, tunaliona kwenye ukurasa, msomaji anaruka anaendelea, na siku moja kabla nakaa na darasa naeleza kwa nini tunafanya hivyo na neno lenyewe lilikuwa linafanya kazi gani Alabama ya wakati ule. Ticha akikujibu "tutasoma kama kilivyoandikwa, ni fasihi" mwambie fasihi haipungui kitu kwa mtoto wa miaka 14 kunyamaza nusu sekunde.

Ila kuna kitu kinauma kuliko neno lenyewe na wazazi wengi hawakiulizi. Ni pale ticha anapomgeukia mtoto mbele ya wote, "na wewe unaonaje?" Yaani mtoto wa watu wa Moshi, kazaliwa Dallas, ghafla anageuzwa msemaji wa Weusi wote wa Alabama ya 1935. Mwombe ticha hilo lisitokee, kama mwanao anataka kusema atanyoosha mkono mwenyewe.

Na tafadhali mama usikimbilie kuomba atolewe darasani kabla hujamuuliza yeye. Kutolewa maana yake mara nyingi ni kupelekwa maktaba peke yake na karatasi ya maswali wiki kadhaa, wenzake wanajua kaenda wapi na kwa sababu gani. Wengine wanapenda hivyo, wengine wanaona ni adhabu.

Ticha, si nasikia hiki kitabu kimepigwa marufuku? Kwa nini bado mnakifundisha?

Inategemea wapi na lini, na sababu zimebadilika sana. Mwaka 1966 bodi ya shule ya Hanover County, Virginia, ilikiondoa ikasema hakina maadili, Harper Lee mwenyewe akaandika barua kwenye gazeti la Richmond kuwajibu, barua ya kejeli kwelikweli. Biloxi, Mississippi, 2017 walikitoa kwenye masomo ya grade 8 kwa malalamiko ya lugha. Mukilteo, jimbo la Washington, 2022 wao walikitoa tu kwenye orodha ya lazima ya grade 9, ticha akitaka anaweza kukichagua, na hiyo siyo marufuku jamani hata kama vichwa vya habari vilipiga kelele. Zamani aliyekasirika ni Mzungu asiyetaka kusikia habari za kesi kama hiyo, siku hizi wapo pia wazazi Weusi wanaosema watoto wetu ndio wanaolipa bei ili wenzao wajifunze huruma. Hoja ya hao wa pili naiheshimu, hiyo ya kwanza hapana.

Mambo kaka, nimekuja na viza ya J-1, ile ya kubadilishana, kutoka Tanzania, nafundisha English 9 huku North Carolina. Watoto hawasomi! Wanachukua samari mtandaoni, sura ya kwanza darasa zima limelala. Nianzie wapi?

Poa kaka, karibu kwenye chama. Kwanza sura ya kwanza usipigane nayo, ule ukoo wa kina Finch wasimulie kwa mdomo dakika tano, halafu wapeleke moja kwa moja pale Dill, rafiki mpya wa watoto, anapoingia na ile nyumba ya kina Radley ambayo watoto wanaiogopa. Boo Radley, yule wa nyumba hiyo asiyetoka nje, atakubebea sura za mwanzo mwenyewe, hutahitaji kufanya kitu. Na usiwape maswali kumi kila sura, sura ziko 31, utaua kitabu na utajiua na wewe kwa kusahihisha.

Nguvu zako weka akiba kwa sura ya 17 mpaka 21, kesi yenyewe. Mimi natoa kopi ya ushahidi wa sherifu Heck Tate, nawapa karatasi nyeupe, nawaambia chora uso wa Mayella uweke alama alipopigwa. Sherifu anaanza kwa kusema jicho la kushoto, Atticus anamuuliza kushoto kwa nani, kwake au kwako unayemtazama? Sherifu anafikiri, anasema basi ni la kulia. Hapo hapo unaona mtu mzima kashtuka, kuna kitu kimemwingia. Watoto wanafuta wanachora upya. Halafu anapanda Bob Ewell, baba wa Mayella, anaambiwa andika jina lako, anaandika kwa mkono wa kushoto. Halafu Tom Robinson anasimama na mkono wake wa kushoto hauna kazi, uliingia kwenye mashine ya pamba akiwa mtoto, ni mfupi kuliko wa kulia kwa futi nzima. Na Atticus kashauliza mara kadhaa kama kuna mtu alimwita daktari siku ile, hakuna aliyeita. Waache waunganishe wenyewe bila wewe kusema neno. Waliolala tangu Septemba wanaamka, na samari haiwezi kuwasaidia hapo kwa sababu samari itawaambia Tom hana hatia basi, haitawaonyesha ni mstari gani ulimfanya sherifu afikiri mara ya pili.

Halafu soma hukumu. Ana hatia. Darasa litapiga kelele, waache wapige.

Baada ya hapo ndio leta historia, siyo kabla. Ukianza na historia wanaona ni somo jingine la mwezi Februari, mwezi wa historia ya Weusi huku, ukiileta wakiwa wamekasirika wanaitaka wenyewe. Wape kesi ya Scottsboro: Machi 1931, vijana tisa Weusi walikamatwa kwenye treni ya mizigo Alabama, wakasingiziwa kubaka wasichana wawili wa Kizungu, juri (raia wanaoamua kesi) ya Wazungu watupu ikawahukumu wanane kifo ndani ya wiki chache. Kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani mara mbili, 1932 wakasema washtakiwa walinyimwa wakili wa maana, 1935 wakasema Weusi walifungiwa nje ya juri kwa makusudi. Watatu wa mwisho wamekuja kusamehewa rasmi 2013, wote wakiwa wameshakufa. Wasichana wa darasani waambie pia kwamba kwenye sura ya 23 Atticus anaeleza Miss Maudie, jirani yao, hawezi kukaa juri kwa sababu ni mwanamke, na hilo halikubuniwa, Alabama ilikuwa hivyo mpaka miaka ya 60. Hapo utapata kelele nyingine.

Jambo mwalimu. Mimi natoka Uvira, tulikuwa kambi ya Nyarugusu, sasa niko Kentucky grade 10. Kingereza ya hii kitabu si ile tunajifunza ku ESL, masomo ya Kingereza ya bageni. Atticus namusikia, bengine sisikie kitu. Nifanye nini?

Mdogo wangu usiogope, hata watoto waliozaliwa Ohio wanakwama, ile ni lafudhi ya kusini ya miaka ya 30 imeandikwa kama inavyotamkwa. Dawa yake ni sikio. Kuna kitabu cha kusikiliza amesoma Sissy Spacek, mzaliwa wa Texas, kwa kadi ya maktaba maktaba nyingi zinakupa bure kwenye simu. Sikiliza huku macho yanafuata ukurasa, sura moja kabla darasa halijafika.

Na sura ya 12 ni yako kabisa. Calpurnia, mpishi wa kina Finch, anawapeleka Scout na kaka yake Jem kanisani kwake, na Scout anashangaa kumbe Calpurnia ana maongezi mawili, nyumbani kwa Wazungu anaongea hivi, kanisani na watu wake anaongea vile, anamuuliza kwa nini. Wewe nyumbani unaongea Kiswahili cha Uvira, mimi hapa umejitahidi kuniandikia kingine, shuleni Kiingereza, labda na Kifaransa kidogo. Wenzako watasoma hiyo sura kama habari ya ajabu, wewe unaijua toka ndani. Mwambie ticha unataka esei yako iwe juu ya hapo. Humo humo wanaimba nyimbo bila vitabu, Zeebo mtoto wa Calpurnia anatamka mstari, watu wanaurudia kwa kuimba, kwa sababu wachache sana wanajua kusoma. Kama umewahi kuona hivyo kanisani, andika.

Ticha tusaidie ubishi mimi na mume wangu. Yeye anasema Atticus ni shujaa, mimi namwona ni Mzungu mwingine wa kuokoa Weusi. Binti yetu ana esei Ijumaa.

Haha, mwacheni binti aandike yeye! Lakini ubishi ni mzuri na kitabu kina ushahidi wa pande zote, kwa hiyo atakayeshindwa ni yule anayeongea bila kutaja ukurasa. Shemeji ana ile usiku wa jela, Atticus amekaa peke yake na taa na gazeti, kundi linakuja kumchukua Tom. Ana hotuba ya sura ya 20. Wewe una sura ya 9, Atticus anamwambia mdogo wake kwamba alitumaini kumaliza maisha bila kupata kesi ya aina hii, jaji ndiye aliyemnyooshea kidole. Hakujitolea. Una sura ya 15 anapoongelea Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wabaguzi, kama kikundi cha siasa kilichopita zake. Mwaka 1992 profesa wa sheria Monroe Freedman aliuliza hadharani huyu Atticus, ambaye kwenye kitabu pia ni mbunge wa jimbo, aliwafanyia Weusi nini kabla hajapewa kesi hiyo, mawakili wakamjia juu kama kamtukana mama yao. Na 2015 kikatoka Go Set a Watchman, Lee alikiandika kabla ya Mockingbird, mule Atticus mzee anakaa kwenye mkutano wa watu wanaopinga Weusi kupata haki. Watu walilia kabisa, wengine walikuwa wamewapa watoto jina la Atticus.

Mimi nasimama wapi? Atticus ni mtu mwema mwenye mipaka, na anayetusimulia ni binti yake anayempenda, sasa mtoto anayempenda baba yake atakwambia nini? Kinachonisumbua mimi ni Tom. Anapata sura moja tu ya kuongea mwenyewe, ya 19, na pale anaposema alimhurumia Mayella mwendesha mashtaka anamrukia, maana Mweusi kumhurumia Mzungu ndilo kosa lenyewe. Baada ya hapo anapotea. Anapigwa risasi 17 akijaribu kutoroka gerezani na sisi hatupo, tunaletewa habari katikati ya chai ya akina mama.

Na hiyo chai, sura ya 24, Waafrika tuisome taratibu. Akina mama wa kanisa Maycomb wamekaa na keki wanalia kwa uchungu juu ya Wamruna, kabila la kubuni huko Afrika ambako mmisionari wao anateseka, halafu bila kufuta machozi wanahamia kulalamika kwamba wapishi wao Weusi wamenuna tangu kesi iishe. Harper Lee hakuweka maelezo, kaziweka tu hizo mbili pamoja. Sura mbili mbele mwalimu wa Scout anawafundisha kwamba Hitler ni mbaya kuwatesa Wayahudi, na ni yule yule aliyesikika nje ya mahakama akisema wakati umefika Weusi wafundishwe adabu. Binti akiandika kuhusu hizo sura mbili badala ya Atticus, atawashinda wote wawili.

Naweza kuwaonyesha filamu tu? Muda hautoshi.

Hapana. Filamu ya 1962 ni nzuri, Gregory Peck alichukua Oscar, lakini kanisa la Calpurnia limeachwa na ile chai imeachwa. Onyesha sehemu ya mahakamani baada ya kusoma, halafu waulize wanafunzi nani kakatwa.

Nikiruhusiwa kitabu kimoja tu cha kuongeza pembeni, kipi?

Just Mercy cha Bryan Stevenson, bila kufikiri mara mbili. Harper Lee alizaliwa Monroeville, Alabama, ndiko Maycomb ilikotoka, mahakama ya zamani pale sasa ni makumbusho na watalii wanakuja kuiona. Mji huo huo, 1987, Walter McMillian, Mweusi, alikamatwa kwa mauaji ambayo hakufanya, siku ya tukio alikuwa nyumbani kwake wanauza samaki kuchangia kanisa na mashahidi walikuwepo tele. Juri ilipendekeza kifungo cha maisha, jaji akaipindua akampa kifo. Alitoka 1993 baada ya miaka sita akisubiri kuuawa. Stevenson ndiye aliyekuwa wakili wake, na sura yake ya kwanza ameiita Mockingbird Players, anawaongelea hao hao watu wa mji wanaojivunia kitabu huku kesi ikiendelea pembeni yao. Kuna toleo la vijana la 2018, chukua hilo kwa grade 9 kwa sababu lile la wakubwa lina maelezo makali ya watu kuuawa na serikali. Ukikosa muda soma sura hiyo ya kwanza tu, na kopi omba mapema kwa mkuu wa idara kabla bajeti haijafungwa.