Theluji kwa pesa ya mwanafunzi

Swali lenu la wiki hii: "Ni starehe gani uliyodhani ni ya matajiri tu, kisha ukaipata kwa pesa za kawaida?" Yangu ni kuteleza kwenye theluji kwa ubao, katika kijiji cha Nozawa Onsen, mkoa wa Nagano, Japani. Mimi ni Mkenya, nasoma Tokyo, na wikendi nzima ilinigharimu yeni 30,000 hivi. Nilizidunduliza miezi mitatu.

Tulikwenda wanne: mimi, dada mmoja wa Tanga anayefanya kazi ya kutunza wazee, na Wajapani wawili ninaosoma nao. Treni ya kasi ingetufikisha kituo cha Iiyama kwa muda usiozidi saa mbili, kisha basi dogo mpaka kijijini. Tukaiacha. Ijumaa usiku tulipanda basi la usiku pale Shinjuku, mjini Tokyo, nauli chini ya nusu ya treni, na kile kiti ndicho kilichokuwa kitanda chetu. Chakula tulibeba: matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani, ya dukani. Jumamosi usiku tulilala chumba kimoja sote wanne, kwenye magodoro ya sakafuni, katika nyumba ya wageni ya familia.

Tokyo tuliiacha kavu, anga halina wingu. Alfajiri tukashuka kwenye theluji iliyonifika kiunoni kandokando ya barabara. Upepo wa baridi kutoka Siberia huvuka Bahari ya Japani, ukazoa mvuke njiani. Ukigonga milima ya upande ule humwaga mzigo wote, na Tokyo hufika umeshakauka.

Kuna mahali pamoja nawasihi wasomaji msibane pesa: nguo. Dada yangu wa Tanga alitaka kuteleza na suruali yake ya mazoezi ili aokoe pesa ya kukodi. Mmoja wa wale Wajapani, kijana mpole kabisa, siku hiyo alikataa katakata. "Dada, leo utakaa chini kuliko utakavyosimama," akamwambia. Ilikuwa kweli. Anayeanza hufunga viatu kwenye ubao akiwa ameketi kwenye theluji, huanguka, huketi tena. Suruali isiyopitisha maji na glavu nzito ndizo zilizotuweka mlimani hadi jioni. Vyote tulikodi, pamoja na ubao na viatu.

Tulijifunzia Hikage, sehemu ya chini kabisa ya mlima, penye mteremko wa taratibu. Somo la kwanza Wajapani huliita konoha, jani la mti: unaegemea visigino, ukingo wa nyuma wa ubao unauma theluji, unateremka ukiyumba kushoto na kulia kama jani linaloanguka. Ukilaza ubao bapa hata kidogo, ukingo wa mbele unanasa, nawe unapigwa kifudifudi. Ukianguka kunja ngumi, usitangulize kiganja. Vifundo vya mikono huvunjika hivyo. Saa tisa alasiri niliteremka mteremko mzima bila kuanguka, nikapiga kelele mpaka watoto wa shule ya kuteleza wakageuka.

Nilimkumbuka Philip Boit. Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya Nagano, alishindana mbio za kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji huko Hakuba, katika mkoa huuhuu, akawa Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi. Alifika wa mwisho, na bingwa, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimsubiri kwenye mstari akamkumbatia. Nikiwa nimelowa jasho pale chini nilielewa Boit alikuwa amebeba nini siku ile.

Lakini kilichonifanya niwaandikie ni jioni yake. Nozawa ina nyumba 13 za kuogea za maji ya moto yanayotoka ardhini, na kuingia ni bure. Wenye kuzitunza ni wanakijiji wenyewe, kwa vikundi vyao vya ujirani: wao husugua mabwawa, wao hulipia taa. Mgeni huweka anachoweza kwenye kisanduku mlangoni. Ndani hakuna cha fahari: rafu za mbao za nguo, ndoo, bwawa. Unajimwagia na kujisafisha kwanza, ndipo unaingia. Maji yalikuwa makali hata nikatoa mguu. Bibi mmoja aliyekuwa ndani akacheka, akafungua bomba la maji baridi upande wangu, akanionyesha kwa mkono nikae pale pale karibu na bomba. Dada yangu akaingia baada yangu, akashusha pumzi ndefu, "Alhamdulillahi." Bibi akaitikia kwa kichwa kana kwamba amelielewa neno.

Jumapili hatukukodi ubao tena, pesa haikutosha. Tulizunguka kijijini tukaoga katika nyumba nyingine tatu, na kila mlangoni tukaacha sarafu.