Jibu: Waonja mvinyo, wanasema kweli au ni mbwembwe tu?

Mwenye uzi kauliza mambo mawili. Kwanza, mtu anaponusa glasi na kusema "nasikia cheri, tumbaku na ngozi", je, kweli anavisikia au anatuzuga? Pili, yeye yuko hapa hapa Mombasa na angependa kujifunza, aanzie wapi? Wengi mmemjibu kwa kicheko. Mimi nitakwenda kwa urefu kidogo, maana kuonja ndiko kulikonilisha kwa miaka mingi, ingawa nilichokuwa nikionja kazini ni chai. (Ndugu zangu msiokunywa, mtanisamehe. Mengi ya hapa chini yanafaa hata kwa birika la nyumbani.)

Nilifanya kazi katika chumba cha kuonjea cha dalali mmoja wa mnada wa chai. Mnada wenyewe ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa 1969, na siku hizi hapa huuzwa chai ya Kericho na Murang'a pamoja na ya Uganda, Rwanda, Burundi hadi Malawi. Vikombe vyeupe vinapangwa safu moja juu ya meza ndefu, kila kimoja na majani yake yaliyolowa pembeni. Unachota kijiko, unavuta kwa kishindo mpaka chai itapakae mdomo mzima na mvuke upande puani, unatema, unasogea. Kanuni ya kimataifa ya ISO 3103 inataka gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, dakika 6, ili kikombe cha leo kiweze kupimwa na cha kesho. Mashairi hakuna. Hii nzito. Hii ina rangi lakini imelala. Hii imeingia moshi. Na ukipiga chuku utaumbuka, kwa sababu mnunuzi naye kaonja sampuli ile ile, na bei atakayotaja haitajali umeisifu vipi.

Kwenye mvinyo, mezani na marafiki, hakuna wa kukuumbua. Hapo ndipo mbwembwe zinapoota mizizi.

Na si kwa wanagenzi peke yao. Mwaka 2001, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha jaribio walilolifanya Bordeaux, Ufaransa. Wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yalikwisha kuamua, pua ikafuata. Ukitaka kuonja kwa haki, basi, linganisha mivinyo ya rangi moja, na chupa zifichwe ndani ya mifuko ya khaki.

Lakini kusema kwamba yote ni uongo pia si kweli, na hapa ndipo mtu wa pwani ana bahati kuliko anavyodhani. Harufu nyingi za mvinyo zina chanzo kinachojulikana. Mvinyo uliokaa kwenye pipa la mwaloni huchukua eugenoli kutoka kwenye mti, na eugenoli ndiyo hiyo hiyo inayoifanya karafuu inukie karafuu. Anayesema anasikia karafuu basi hajabuni kitu. Sauvignon Blanc, mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo, ina chembechembe zile zile zilizomo kwenye pasheni, na mara nyingi hubeba pia harufu ya pilipili hoho mbichi. Gewürztraminer, nayo nyeupe, inanukia waridi, kiasi kwamba glasi ya kwanza ilinipeleka moja kwa moja kwenye mrashi wa harusini. Madeira iliyozeeka, mvinyo wa kisiwa cha Ureno chenye jina hilo, nayo ina kitu kiitwacho sotoloni. Nenda Marikiti, omba uwatu, usage kidogo kiganjani, unuse. Ndiyo hiyo.

Ya pilipili manga inastahili maelezo zaidi. Kitu kinachoipa Shiraz, mvinyo mwekundu, ule ukali wa pilipili manga kinaitwa rotundoni, na wanasayansi wa Australia walikitambua na kuchapisha habari zake mwaka 2008. Kimo pia ndani ya pilipili manga yenyewe. Walipowapa watu wakinuse, karibu mmoja kati ya watano hakusikia kitu, hata kilipozidishwa sana. Kwa hiyo watu wawili wakibishana juu ya glasi moja, mmoja akidai pilipili na mwingine akiapa hakuna, huenda wote wakweli. Mimi naisikia. Rafiki yangu mmoja, fundi wa kupika pilau, haisikii kabisa kwenye mvinyo, na ubishi wetu umekuwa desturi.

Sasa, utajuaje maelezo yako ni ya kweli? Mimi nina kipimo kimoja: mtu mwingine aweze kuitoa glasi yako miongoni mwa nyingine kwa maneno yako tu. Tunaufanya mchezo hivi. Glasi tatu, mivinyo mitatu ya rangi moja, kila glasi na alama chini. Mmoja anachagua moja kimoyomoyo na kuieleza kwenye karatasi. Mwenzake anasoma, anaonja zote tatu, anataja. Akikosea, aliyeandika ndiye anayeosha glasi.

Mchezo huu unaua maneno ya bure haraka sana. Jioni moja kibarazani, mtaa wa Tudor hapa Mombasa, bwana mmoja kaandika: "Laini, wa kupendeza, una matunda mazuri." Msomaji kaonja ya kwanza, laini. Ya pili, matunda yapo. Ya tatu nayo inapendeza. Kabaki anazitazama. Ikafika zamu ya dada mmoja ambaye mvinyo kwake ulikuwa mgeni kabisa. Kaandika: "Embe mbichi la pale Lighthouse, limetiwa chumvi, halijatiwa pilipili. Mate yanajaa pembeni ya ulimi. Ukimeza, inakwisha upesi." Hatukuhitaji kuonja mara mbili. Sauvignon Blanc, wazi. Tazama alichokifanya: katoa harufu, uchachu na muda wa ladha kubaki, vitu vitatu ambavyo msomaji anaweza kuvihakiki kwa ulimi wake, na neno la kusifu halimo. Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alipotengeneza gurudumu lake la harufu za mvinyo miaka ya 1980, aliyaacha nje maneno ya kusifu kwa sababu hiyo hiyo.

Raha yenyewe kwangu iko hapo. Kulewa mtu halewi, unatema au unanyonya tone. Ni ile sekunde unapohisi kitu unachokijua na jina lake linakataa kuja, unazungusha glasi, unanusa tena, mara: tende! Tende zilizokaa juani. Na ukishalitamka, wenzako wote wanaanza kuisikia tende.

Kuhusu pa kuanzia. Anza na mdomo kabla ya pua. Uchachu unaujulia mate, yakijaa ni mkali. Ukakasi ni ule wa ndizi mbichi, unakausha fizi, na upo zaidi kwenye mvinyo mwekundu. Uzito ni tofauti ya maji na maziwa. Hayo matatu ukiyaweza, harufu zitakuja zenyewe. Nunua Chenin Blanc, Sauvignon Blanc na Chardonnay za Afrika Kusini, za bei ya kawaida za supamaketi, mchangiane wanne au watano. Chardonnay iliyopita kwenye pipa ndiyo rahisi kuitambua, mara nyingi ina siagi na vanila. Baadaye tafuta mvinyo wa Naivasha, na ukipita Tanzania usiache wa Dodoma, wa zabibu za Makutupora, kule wanakovuna mara mbili kwa mwaka.

Glasi yoyote iliyobana mdomo inatosha. Jaza theluthi tu, uweze kuzungusha. Usijipulizie manukato siku hiyo, na udi usiwashwe, naomba sana.

Na joto! Wanaoandika kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumbani walikusudia vyumba vya Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Mombasa mwezi wa Februari ni nyuzi 30 na zaidi, na kwa joto hilo utasikia alkoholi ikichoma pua na si kingine. Tia chupa kwenye friji nusu saa. Mhudumu wa hoteli akikutazama vibaya, mwache atazame. Mweupe nao usiwe barafu, maana baridi kali inaficha harufu. Utoe dakika kumi kabla ya kunusa.

Mkishaonja, rudi hapa utuwekee maelezo ya glasi moja bila kutaja aina ya zabibu, nasi tukisie. Ila usituandikie "mtamu sana".