Maji ya mvua ya kwenye bati kunywa na kumwogeshea mtoto

Dada, umeuliza kama maji ya mvua ya kwenye bati yanafaa kunywa na kumwogeshea mtoto: kumwogeshea mtoto na kufulia wala usiwaze, tena hayana chumvi kama ya visima vyetu vingi hapa Dar, sabuni inatoa povu fasta. Kunywa ndo kuna ishu, mvua yenyewe haina noma ila bati limejaa mavi ya kunguru na vumbi la kiangazi chote, kwa hiyo mvua ya kwanza iache imwagike mpaka uone maji yametakata ndo ukinge, halafu uchemshe yatokote kabisa maana kuchuja na kitambaa hakuui vijidudu. Tanki lifunike, mbu wanataga humo. Ila kama paa lina rangi ya zamani yenye risasi (yale madini ya sumu, lead) mi nisingekunywa kabisa, risasi haitoki kwa kuchemsha.