Mwache Karani Aseme Kwanza: Ushauri kwa Wakuu Wapya wa Vitengo

Ndugu uliyepandishwa cheo hivi karibuni katika ofisi za uwakala wa forodha hapa Mombasa, jambo litakalokusumbua mapema kuliko foleni za malori ni tamaa ya kutaka neno lako liwe ndilo. Tamaa hiyo huja katika vazi la heshima: unahisi kwamba karani akikusahihisha mbele ya wenzake, cheo chako kimeshuka. Mimi nimeona wakuu wengi zaidi wakiponzwa na ukimya wa walio chini yao.

Kazi yetu ina kanuni zake, nazo hazimuulizi mtu cheo. Tarakimu 6 za mwanzo za namba ya ushuru, yaani ile inayotambulisha aina ya bidhaa, hutumika karibu duniani kote, nchi za Afrika Mashariki huongeza 2, na kwa namba hiyo mzigo kwa kawaida hutozwa asilimia 0, 10, 25 au, tangu Julai 2022, 35.

Katika ofisi moja nilishuhudia ankara iliyoandikwa "vyombo vya jikoni" bila maelezo mengine. Mkuu wa kitengo akaamua kuwa ni plastiki, yaani namba ya ushuru inayoanza na 3924. Karani, binti mgeni kazini, alikuwa ameshika katalogi, kidole chake kikiwa juu ya picha ya bakuli la chuma lenye kifuniko cha plastiki, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba kanuni ya 3 ya kuzipangia bidhaa namba inataka kutazamwa kile kinachokipa chombo sifa yake kuu, na kwa hiyo mahali pake ni 7323, penye vyombo vya chuma. "Andika nilivyosema," akajibiwa. Kontena likazuiwa kwa ukaguzi, ada ya kuhifadhi ikapanda kila kukicha, na mteja ndiye aliyelipa. Hata hivyo, hasara iliyoniuma zaidi ni kwamba binti yule hakupinga tena jambo lolote, hata kosa lilipokuwa wazi mbele yake.

Hapa Pwani jambo hili lina uzito wa pekee, kwa maana kijana aliyelelewa Kisauni au Majengo amefunzwa tangu utotoni asimkatize mtu mzima. Adabu hiyo ni njema na sitaki ipotee. Kwa hiyo ni juu yako wewe mkubwa kumpa kijana ruhusa. Muulize aliye mdogo kuliko wote kabla hujatoa rai yako. Usiulize "Mmeelewa?", kwa sababu utajibiwa "Ndiyo" daima, uliza ni karatasi gani iliyo mezani inayokwenda kinyume na unavyodhani.

Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, kisiwa cha Uhispania, ndege ikiwa tayari inakimbia ili iruke, mhandisi aliyekuwa chumbani mwa marubani aliuliza kama ndege nyingine ilikuwa imeondoka kwenye njia ya kurukia, rubani mkuu akamhakikishia kuwa imeondoka na akaendelea. Ndege hizo mbili zikagongana, watu 583 wakafa. Ajali za namna hiyo ziliwafanya wenye ndege kuwafundisha wasaidizi kusema na wakubwa kusikiliza, na mafunzo hayo yakafika hadi kwa maafisa wa meli kama zile tunazoziona zikipita Likoni kuingia Kilindini.

Kusikiliza hakukuondolei wajibu wa kuamua, maana muda wa kutuma tamko la forodha haungoji. Lakini karani akiwa sahihi, liseme hilo siku hiyohiyo, mbele ya walewale waliokusikia ukisema vingine.